Nishani ya Malkia Elisabeth, na Wauguzi wa Arua na Koboko

Tarehe 15 Septemba 1916 Mfalme Albert I wa Ubelgiji alianzisha nishani yenye jina la mkewe, Malkia Elisabeth. Wakati huo karibu nchi yake nzima ilikuwa imekaliwa na Wajerumani. Yeye na malkia walikuwa wamebaki kwenye kipande kidogo cha ardhi kilichosalia, huko De Panne kando ya bahari, na uwanja wa vita haukuwa mbali na dirisha lao. Katika hali kama hiyo mtu angetegemea mfalme aongeze nishani za mashujaa wa bunduki. Hii haikuwa ya bunduki. Ilikuwa ya watu waliouguza majeruhi, waliowalisha watoto wa miji iliyotekwa, waliowapokea wakimbizi, waliochangisha nguo na dawa. Sharti lilikuwa utumishi wa angalau mwaka mmoja, na wageni waliistahili sawasawa na Wabelgiji wenyewe. Wengi wa waliovishwa walikuwa wanawake.

Ni kitu kidogo cha shaba, kazi ya mchongaji Eugène de Bremaecker. Upande mmoja kuna uso wa malkia uliochongwa kwa pembeni, umezungukwa na jina na cheo chake. Upande wa pili kuna umbo la mwanamke na maneno ya Kilatini, PRO PATRIA HONORE ET CARITATE, yaani kwa ajili ya nchi, kwa heshima na kwa upendo. Kuna pia miaka miwili, 1914 na 1916, kwa kuwa ilipochongwa vita vilikuwa havijaisha, na hakuna aliyejua vitaisha lini. Juu yake liko shada la majani linaloshikilia utepe. Kwa waliotumika hospitalini, katikati ya shada hilo uliwekwa msalaba mdogo mwekundu. Napenda sana uamuzi huo wa msalaba. Aliyetuma blanketi aliheshimiwa, na aliyefunga kidonda kwa mikono yake akaheshimiwa vilevile, ila alama yake ikaonyesha kwamba damu aliigusa mwenyewe.

Septemba 2026 nishani hiyo inatimiza miaka 110. Kuikumbuka huku Arua na Koboko, West Nile ya Uganda, kunaweza kuonekana kama kwenda mbali na nyumbani. Sivyo. Nchi hii iliwahi kuwa chini ya ukoo huo wa kifalme, na ilitoka mikononi mwao wakati uleule Elisabeth alipoingia ikulu.

Kwa mkataba wa Mei 1894, Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold II ukanda wote wa magharibi ya Nile, kutoka Mahagi penye Ziwa Albert hadi Lado kule kaskazini. Ukanda huo, ulioitwa pia Lado, haukukodishwa kwa Ubelgiji, bali kwa Leopold mwenyewe, kwa muda wa uhai wake. Februari 1897 majeshi yake yakiongozwa na Louis-Napoléon Chaltin yaliwashinda wafuasi wa Mahdi huko Rejaf, na tangu hapo bendera yake ikapepea katika nchi ya Walugbara, Wakakwa, Wamadi na Waalur. Kilichomleta ni Mto Nile na pembe za ndovu. Habari za Kongo ya Leopold zinajulikana: mpira uliokusanywa kwa kiboko, mikono iliyokatwa, vijiji vilivyohama usiku. Lado haikuwa na mpira wa kutosha, lakini mtawala alikuwa yuleyule.

Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Siku sita baadaye Albert, mtoto wa mdogo wake, akala kiapo, na Elisabeth akawa malkia. Maafisa wa Kibelgiji walibaki Lado hadi Juni 1910, nchi ilipokabidhiwa kwa Sudan. Januari 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, na mwaka huohuo A. E. Weatherhead akafungua kituo cha serikali Arua. Mzee wa Kikakwa aliyekuwa akilima mtama wake palepale alipozaliwa alipita chini ya tawala tatu ndani ya miaka mitano, bila kuhamisha hata jiwe moja la kupikia.

Elisabeth hakufanana na baba mkubwa wa mumewe. Alizaliwa Bavaria mwaka 1876. Baba yake, Duke Karl Theodor, alikuwa wa ukoo wa kifalme aliyesomea udaktari wa macho na kuufanya kazi, na binti alikulia karibu na wagonjwa. Vita vilipomkuta De Panne aliisimamia kwa moyo hospitali ya L'Océan, hoteli ya ufukweni iliyogeuzwa kuwa wodi na vyumba vya upasuaji chini ya Daktari Antoine Depage. Watu wawili wa karibu na Depage walikufa kabla nishani haijaanzishwa. Mkewe, Marie, alikwenda Marekani kuchangisha fedha za hospitali, na wakati wa kurudi akapanda meli Lusitania, ikazamishwa tarehe 7 Mei 1915. Mwingine ni Edith Cavell, muuguzi wa Kiingereza aliyeongoza shule ya wauguzi ya Depage huko Brussels. Aliwasaidia askari kutoroka, Wajerumani wakampiga risasi tarehe 12 Oktoba 1915. Kila ninapoisoma ile Kilatini ya nyuma ya nishani, ninawaona wanawake hao wawili.

Sasa tazama tarehe tena. Siku nne tu baada ya nishani kuanzishwa, tarehe 19 Septemba 1916, jeshi la Kongo la Wabelgiji chini ya Charles Tombeur liliingia Tabora. Jeshi hilo lilikuwa la Waafrika, na nyuma yake kulikuwa na misururu ya wapagazi. Baadhi yao walitoka Uganda, wakabeba mizigo ya Wabelgiji kutoka upande wa Mbarara kuelekea Rwanda. Wapagazi wa vita vile, wa pande zote, walikufa kwa maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Kuhara damu, kichomi, vidonda vya miguu, baridi ya milimani kwa mtu aliyetoka bondeni na shuka moja: hivyo ndivyo vilivyowamaliza. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam ni kumbukumbu yao.

Nao waliuguzwa na nani? Mara nyingi waliuguzana. Uganda iliunda kikosi maalumu cha tiba cha Waafrika chini ya daktari wa serikali G. J. Keane, kikichukua vijana waliosoma shule za misheni kama Budo na Mengo. Vijana hao walijifunza kupima joto, kufunga vidonda, kugawa dawa na kuandika majina ya wagonjwa katika kambi ambazo harufu yake pekee ingemkimbiza mtu. Vita vilipokwisha, uzoefu wao ukawa moja ya misingi ya mafunzo ya wasaidizi wa tiba huko Mulago, Kampala. Utumishi wa aina hii ndio hasa uliokusudiwa na Kilatini ile, lakini amri ya 1916 iliandikwa na watu waliokuwa wakitazama Ulaya, na orodha huandikwa karibu na meza ya mwandishi. Simlaumu malkia kwa hilo. Nasema tu kwamba historia ya nishani haikamiliki mpaka upande huu nao uandikwe.

Jina la Elisabeth lilifika Afrika kwa njia nyingine. Mji wa Katanga ulioanzishwa mwaka 1910 uliitwa Élisabethville, nao ndio Lubumbashi ya leo. Mwaka 1928 alizuru Kongo pamoja na mumewe, na mwaka 1930 ukaanzishwa mfuko wa tiba wenye jina lake kwa ajili ya Waafrika wa Kongo. Ulianzia Kongo ya Chini, na namna yake ya kazi ilikuwa kuwapima watu wa kijiji kizima, mmoja mmoja, badala ya kumsubiri mgonjwa aje. Ugonjwa mkubwa waliokuwa wakiusaka ni malale. Na malale ndiyo inayoirudisha hadithi hii West Nile.

Huku kwetu nako magonjwa yalifika kabla ya hospitali. Tangu miaka ya 1890 nchi ya Walugbara na Wakakwa ilipigwa na sotoka ya ng'ombe, ndui na homa ya uti wa mgongo. Watu walitafuta kinga walikoweza. Wengi walimwendea Rembe, nabii wa Kikakwa, aliyegawa maji ya Yakani, maji yaliyoaminiwa kuzuia maradhi na hata risasi. Serikali iliona uasi ndani yake, na Rembe akanyongwa Yei mwaka 1917. Mimi naona pia watu waliokuwa wakifa bila msaada, wakaupokea msaada wa kwanza waliopewa kwa heshima.

Misheni zilikuja taratibu. Wamisionari Wakomboni walifika Omach, karibu na Nile, Februari 1910, Lado ikiwa bado haijakabidhiwa, na baadaye wakapanda hadi Ediofe, kwenye kilima kando ya mji wa Arua. Mwaka 1918 Africa Inland Mission ikaanza Mvara. Katika misheni hizo masista na wake za wamisionari ndio waliokuwa nesi wa kwanza, na pembeni yao dresa wa kienyeji, aliyechemsha bomba za sindano, akaosha vidonda vya ukoma na kutafsiri maneno ya mgonjwa kwa daktari. Dresa huyo ndiye aliyejua nani kwao wapi na nani anadanganya kuhusu siku ngapi ameumwa. Katika miaka ya 1940 Daktari Ted Williams na ndugu yake Peter walijenga hospitali ya Kuluva, kusini ya Arua kwenye barabara ya Kampala. Kumbukumbu za wagonjwa zilizotunzwa Kuluva zilikuja kusaidia dunia nzima. Mwaka 1961 Ted Williams alikuwa mmoja wa watu watatu, pamoja na Denis Burkitt na Cliff Nelson, waliosafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza ni wapi watoto wanapata uvimbe wa taya na wapi hawapati. Uvimbe huo sasa unaitwa limfoma ya Burkitt. Kuanzia mwaka 1972 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walichukuliwa damu ili kuthibitisha kwamba virusi vya Epstein-Barr vina sehemu katika saratani hiyo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978.

Watoto 42,000! Mtu anayejua jinsi mtoto wa miaka miwili anavyomtazama mwenye sindano ataelewa ni kazi gani ilifanyika. Majina yaliyobaki kwenye vitabu ni ya maprofesa. Aliyemshika mtoto mkono, akambembeleza kwa Kilugbara na kumhakikishia mama kwamba damu ile haiendi kuuzwa, ni nesi au msaidizi wa hapahapa.

Hali ilikuwa hivyohivyo Omugo. Desemba 1937 watafiti wa homa ya manjano kutoka Entebbe walichukua damu ya mwanamke mmoja wa huko mwenye homa, na ndani yake wakapata kirusi kipya. Kikapewa jina la wilaya, West Nile. Sasa West Nile ni neno la hofu New York na Athens, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba ni mahali wanapoishi watu.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Idi Amin, ambaye kwa baba alikuwa Mkakwa, aliangushwa Aprili 1979, na West Nile yote ikabebeshwa dhambi zake. Oktoba 1980 wanajeshi wa serikali mpya waliingia kwa kisasi. Koboko na Arua zikabaki tupu, watu wakivukia Zaire (Kongo ya leo) na Sudan na kile walichoweza kujitwika kichwani. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi walivamia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, ambako raia walikuwa wamekimbilia na Msalaba Mwekundu ulikuwa ukitoa msaada. Waliwaua raia wengi waliodhani kwamba alama ile ingewalinda. Alama hiyo ni ileile iliyowekwa katikati ya shada la nishani ya Elisabeth. Ombaci ilionyesha kwamba haina nguvu yoyote isipokuwa ile anayokubali kuipa mwenye bunduki, na bado kuna watu walioendelea kuivaa.

Wakimbizi walianza kurudi katikati ya miaka ya 1980. Walikuta vichaka vimefunika mashamba, na ndorobo, inzi wanaoeneza malale, wamejaa kwenye mito. Baadhi yao walirudi na malale kutoka walikokuwa. Ugonjwa ukalipuka Moyo na Adjumani, kisha Arua, Koboko na Yumbe. Malale ya aina hii, ya Afrika Magharibi, haina haraka. Mtu huishi nayo miezi, hata miaka, kichwa kinamuuma, usingizi unahama kutoka usiku kwenda mchana, tabia inabadilika, majirani wanasema amerogwa au amekuwa mlevi. Bila dawa hufa.

Kuanzia mwaka 1995 hadi 2002 Madaktari Wasio na Mipaka waliendesha kituo cha malale Omugo. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kazi ya wodi ile haijasimuliwa inavyostahili. Kwanza mgonjwa hukunjwa kama mtoto tumboni, sindano ikaingizwa kati ya pingili za mgongo ili kupata maji ya kupima kama vijidudu vimefika kwenye ubongo. Nesi ndiye anayemkumbatia asitikisike. Kama vimefika, dawa ya miaka mingi ilikuwa melarsoprol, iliyotengenezwa kwa arseniki. Ilichomwa mshipani kwa bomba la kioo, kwa kuwa ilikuwa na nguvu ya kuharibu plastiki. Tone likitoka nje ya mshipa, nyama hufa. Ikiingia vizuri, mgonjwa husikia mkono wake unaungua. Hata hivyo wagonjwa wapatao 5 kati ya 100 waliuawa na dawa yenyewe, ubongo ukivimba ghafla. Anayechoma sindano hiyo anajua hesabu hiyo. Anajua pia kwamba asipochoma, mgonjwa atakufa.

Dawa iliyo salama zaidi, eflornithine, ilikuwepo, lakini utengenezaji wake ulisimamishwa katikati ya miaka ya 1990 kwa kuwa wagonjwa wa malale hawana fedha. Ulirudishwa mwaka 2001 kwa mapatano kati ya Shirika la Afya Duniani na kampuni iliyoitengeneza. Kwa mgonjwa ilikuwa nafuu kubwa. Kwa nesi ilikuwa dripu moja kila saa 6, mchana na usiku, kwa siku 14: dripu 56 kwa kila mgonjwa. Zidisha kwa wodi nzima. Saa sita usiku unaamka kubadili chupa kwa mwanga wa taa ya mkononi, unatafuta mshipa kwenye mkono uliokwisha kutobolewa mara nyingi, unamtuliza mtu ambaye ugonjwa umemgeuza mkali. Alfajiri unaanza tena. Majaribio yaliyofanyika Omugo kati ya mwaka 2001 na 2002 yalichangia kupata tiba mseto, ambayo inahitaji dripu 14 tu pamoja na vidonge. Tiba hiyo ikaenea nchi zote zenye malale ya aina hii, na miaka kadhaa baadaye kikaja kidonge peke yake. Sindano ya arseniki imebaki simulizi kwa wagonjwa wa aina hii.

Koboko ilikuwa na kazi yake. Kwenye mito ya wilaya hiyo, na ya Arua na Maracha, vilichomekwa vitambaa vidogo vya buluu na nyavu nyeusi zilizotiwa dawa. Ndorobo huvutwa na buluu, akagusa na kufa. Vijana wa vijijini walifundishwa kuvichomeka ukingoni na kuvibadilisha vinapochakaa, na katika vituo vya afya watu wa maabara wakapewa kipimo cha haraka cha tone la damu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeiondoa malale ya aina hiyo katika hesabu ya matatizo ya afya ya jamii. Mfuko wa Malkia Elisabeth ulikuwa umeanza vita hivyo upande wa pili wa mpaka miaka 92 kabla. Huku vilimaliziwa na watu wa hapahapa, wenye baiskeli na buti za mpira.

Na wakati vikimaliziwa, wodi za Arua na Koboko hazikupata kupumzika. Mwaka 2013 makazi ya Lobule huko Koboko yalifunguliwa tena kwa Wakongo. Baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, watu wa Sudan Kusini walimiminika, wengine kupitia Oraba. Mwaka 2019 mgonjwa wa Ebola alifariki Ariwara, soko la upande wa Kongo ambalo mfanyabiashara wa Arua huenda na kurudi siku hiyohiyo. Wahudumu wa afya wa upande wa Uganda walichanjwa, wakasimama mpakani na vipimajoto. Wazazi wa baadhi yao, na wao wenyewe wakiwa wachanga mgongoni, ndio waliokimbilia Zaire mwaka 1980 na kupokelewa huko.

Ubelgiji ilifunga orodha yake. Utumishi uliohesabiwa ni ule uliotangulia tarehe 10 Septemba 1919, na baada ya hapo nishani ikawa kitu cha makumbusho na cha wajukuu. Elisabeth mwenyewe alifariki mwaka 1965, na mwaka uliofuata Élisabethville ikaacha jina lake. Hakuna haja ya kumwomba mfalme yeyote atuchongee nyingine. Ninachoomba Arua na Koboko ni orodha: kitabu kimoja katika hospitali ya rufaa ya Arua na nakala yake Koboko, chenye majina ya dresa wa misheni, wasaidizi waliochukua damu ya watoto katika miaka ya 1970, wakunga waliozalisha njiani mwaka 1980, watu wa maabara na nesi wa malale. Kianze na Omugo. Wengi wa waliobadilisha dripu zile wanaweza kuwa hai, wamestaafu na wanalima mihogo yao, na swali la nani alikuwa zamu usiku bado linaweza kujibiwa na aliyekuwapo.